Hilali ya Hanang: Picha ya mwezi inapokataa ushahidi wetu

  

Ndugu msomaji, kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani hutuzukia mazungumzo ya kuandama kwa mwezi, na kila inapopita Idi mazungumzo hayo huzimika hadi mwaka unaofuata. Makala yetu ya leo haikusudii kuufufua mjadala wa mwezi wa ndani na mwezi wa kimataifa. Wanazuoni wetu wamekwisha kuuandikia, na kila upande una dalili zake. Tunalotaka kulizungumza ni dogo zaidi, nalo limeingia mikononi mwetu sote bila ya kulitafakari: picha ya mwezi. Siku hizi kila mwenye simu ana kamera, na kila mwenye kamera anadhani ana ushahidi.

Tulilazimika kulifikiri jambo hili tukiwa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, jioni ya tarehe 29 Shaabani ya mwaka mmoja usio wa mbali. Anayeujua mji huo anajua kwamba mlima Hanang, wenye kimo cha takriban mita 3,420, umesimama upande wa kaskazini kama ukuta, lakini upande wa magharibi nchi iko wazi, nyanda zinashuka na kutandaa kuelekea Singida. Kwa mtafuta mwezi pahala pa namna hiyo ni neema. Tulikuwa watu sita pamoja na imamu wa msikiti mmoja, tukiwa na darubini moja ya macho mawili na kamera moja iliyofungwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, mawingu yamepasuka, na hewa imeoshwa vumbi lote.

Dakika kumi hivi baada ya jua kuzama, kijana mmoja aliita kwa sauti. Kweli, juu kidogo ya mstari wa nchi kulikuwa na uzi mwembamba wa mwanga, umepinda, unang'aa rangi ya dhahabu. Wawili wengine wakauona. Sisi pia tuliuona. Takbira zilitoka vinywani kabla ya akili kufanya kazi, na mmoja wetu alikwisha kuitoa simu mfukoni ili awapigie ndugu wa Babati.

Imamu ndiye aliyetuzuia. Alisema, ngojeni kwanza tuitazame kamera. Tulikuwa tumepiga picha nne, kila moja baada ya dakika mbili hivi. Tulipozikuza kwenye kioo kidogo cha kamera, haya ndiyo tuliyoyaona: katika picha ya kwanza uzi ule ulikuwa juu ya mti fulani, katika ya pili ulikuwa umesogea kuliani, katika ya tatu umesogea zaidi na kurefuka, katika ya nne umeanza kufumuka kama pamba. Ulikuwa ni moshi wa ndege iliyopita mbali sana, bado ukipigwa na jua ambalo kwetu sisi lilikwisha kuzama. Na tulikuwa watu wazima watatu tulio tayari kuapa.

Usiku ule hakuna tangazo lililotoka la kuonekana kwa mwezi nchini. Watu walikamilisha Shaabani siku 30 na hakuna aliyejua kwamba pale Katesh kuna watu waliokaribia kupeleka shahada ya uongo bila ya kukusudia uongo. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: ni mara ngapi jambo kama lile limetokea mahala ambapo hapakuwa na kamera?

*Mwezi wetu hulala chali*

Tuanze na kosa la macho ambalo wengi wetu tumelelewa nalo. Hilali iliyo juu ya minara ya misikiti, na ile iliyochorwa katika bendera za nchi nyingi za Kiislamu, imesimama wima, mgongo upande mmoja na pembe upande wa pili. Mtoto hukua akiamini kwamba mwezi mwandamo ni wa umbo hilo. Lakini Mbulu iko chini ya digrii nne kusini ya Ikweta, na Katesh ni digrii nne na nusu. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, njia ya jua na mwezi hushuka karibu wima kuelekea upeo wa macho. Kwa sababu hiyo mwezi mchanga wa kwetu hulala chali kama mtumbwi ulioelea, pembe zake zikielekea juu, ukiinama kidogo kusini au kaskazini kufuatana na msimu. Anayetafuta umbo la mnara wa msikiti katika anga ya Hanang anatafuta kitu kisichokuwapo.

Makadhi wa zamani walilijua hili. Ilikuwa ni desturi yao kumwuliza shahidi: uliuona upande gani wa jua, ulikuwa juu kiasi gani, na pembe zake zilielekea wapi? Sababu ni kwamba mwanga wa mwezi unatoka kwa jua, basi tumbo la hilali daima huelekea kule jua liliko na pembe huelekea mbali nalo. Shahidi aliyeona pembe zikielekea chini baada ya jua kuzama, hata akiwa mcha Mungu wa kiasi gani, hakuona mwezi.

Aya ya 39 ya Suratu Yasin inaufananisha mwezi, unapokwisha kuvipita vituo vyake, na karara kuukuu la mtende. Mtoto wa Mbulu huenda hajapata kuuona mtende, lakini pembe za ng'ombe anaziona kila siku, na kwa mwezi wa nchi yake pembe zile za ng'ombe anayemtazama usoni ni mfano usio mbaya.

Hili la kushuka wima ndilo pia lililotufichulia ule moshi wa ndege. Katika nchi yetu mwezi mchanga haukimbii kuliani wala kushotoni, bali huzama karibu moja kwa moja. Picha nne zenye saa zake zilitosha kulionyesha hilo, ambapo macho sita yenye hamu hayakuliona.

*Jicho la Ibn al-Haytham*

Wako watakaosema kwamba kamera ni chombo cha wageni, dini yetu haikijui. Hao tungependa kuwakumbusha habari za Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Kairo karibu na mwaka 1040. Mwanazuoni huyu ndiye aliyeeleza kwa majaribio kwamba jicho huona kwa kuingiwa na mwanga kutoka katika vitu, si kwa kutoa mwanga wake wenyewe. Aliandika risala maalumu juu ya umbo la kupatwa kwa jua: ikiwa mwanga wa jua lililomegwa utapita katika tundu dogo na kuangukia ukuta wa chumba chenye giza, patatokea pale ukutani umbo la hilali. Chumba chenye giza, tundu na taswira: kamera zote, hata hii iliyo ndani ya simu, zimejengwa juu ya mambo hayo matatu.

Na kama mtu atauliza juu ya hukumu ya kupiga picha, khitilafu ya wanazuoni imehusu zaidi picha za viumbe wenye roho. Imepokewa kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji mmoja, ikiwa hana budi kuchora, achore miti na visivyokuwa na roho. Mwezi ni katika visivyokuwa na roho.

Isitoshe, anayeupiga picha mwezi wa siku ya saba au ya nane kwa darubini nzuri atakutana na majina ya kwetu. Yale mashimo makubwa yaliyo usoni mwake yamepewa na wanafalaki majina ya watu, na miongoni mwao wamo Al-Battani, Al-Farghani, Thabit bin Qurra, Az-Zarqali, Abdurrahman as-Sufi na huyo Ibn al-Haytham mwenyewe, ambaye shimo lake liko karibu na ukingo wa mashariki. Majina hayo yameandikwa kwa namna ya Kilatini, hata ukiyasoma haraka huyatambui: Albategnius, Alfraganus, Thebit, Arzachel, Azophi, Alhazen. Sayari nazo katika Kiswahili tunaziita Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali, majina tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, lugha ya elimu ya falaki kwa karne nyingi.

*Namna ya kuupiga*

Wasomaji wetu wengi wamepata kuielekeza simu kwenye mbalamwezi na kuambulia doa jeupe. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Upana wa mwezi ndani ya kamera ni karibu urefu wa lenzi ukigawanywa kwa 110. Lenzi ya kawaida ya simu ni ya milimita tano au sita tu, kwa hiyo mwezi mzima ndani yake una upana wa sehemu ya ishirini ya milimita moja. Lenzi ya milimita 500 hutoa mwezi wa milimita nne na nusu, na hapo ndipo mashimo na nyanda zake huanza kuonekana. Asiyekuwa na lenzi ya namna hiyo, na ni wengi kwa kuwa bei yake si ya mchezo, anaweza kuichukua darubini ya macho mawili, akaifunga imara juu ya stendi au hata juu ya gunia la mchanga, kisha akaliweka jicho la simu mahala pa jicho lake. Mikono mitupu haifai, kwani hata pumzi huitikisa.

Kosa la pili ni kuiacha kamera ijiamulie. Kamera huona giza kubwa, ikadhani kila kitu kina giza, ikaufungua mlango wake kwa muda mrefu na mwezi ukaungua kuwa mweupe mtupu. Mwezi mpevu ni jiwe lililopigwa na jua la mchana. Unastahiki kupigwa kwa muda mfupi, kwa mfano sehemu ya 125 au ya 250 ya sekunde, tundu likiwa f/8 na ISO ikiwa 100 au 200. Hilali ya siku ya kwanza ni kinyume chake. Iko ndani ya wekundu wa magharibi na mwanga wake ni haba, hivyo inahitaji robo ya sekunde au zaidi, na picha kadhaa za viwango mbalimbali, kwa sababu anga hubadilika kila dakika.

Lililo gumu kuliko yote ni kuipa lenzi ukali wake wakati ambapo anga ni tupu na hakuna kitu cha kuilenga. Hapa ndipo sayari zinaposaidia. Zuhura inapokuwa ya jioni huonekana mapema kabla ya nyota zote, nayo hukaa katika njia ileile unayopita mwezi. Mlenge Zuhura mpaka iwe nukta kali, kisha usiiguse tena lenzi, geukia kule unakoutarajia mwezi. Asipoipata Zuhura ailenge taa ya mbali au ukingo wa vilima vya upeo wa macho.

Na wapi pa kuutarajia? Nyoosha mkono mbele ya uso na ukunje ngumi. Upana wa ngumi yako ni kama digrii kumi. Hilali ya jioni ya kwanza mara nyingi huwa ngumi moja hivi, au moja na nusu, kutoka pale jua lilipozamia. Kila digrii moja ni kama dakika nne za kuzama, kwa hiyo mwezi ulio digrii kumi utabaki juu kwa dakika 40 hivi baada ya jua. Wakati mzuri wa kuutazama ni karibu na katikati ya muda huo, pale wekundu umepungua na mwezi haujazama ndani ya ukungu wa chini. Watu wengi hutazama jua linapozama tu, wasione kitu, wakaenda zao. Katika vilima vya Mbulu na Hanang jua huzama baina ya saa 12:30 jioni na saa 1:00 usiku kufuatana na majira, na utusitusi wa Ikweta ni mfupi. Anayechelewa kwa robo saa amechelewa kweli.

Baadhi ya ndugu wa huko walituambia kwamba wao, kwa kuwa juu na kuwa magharibi ya Dar es Salaam, lazima wauone mwezi kabla ya wengine. Tunawapenda, lakini hesabu haikubaliani nao sana. Jua huzama Mbulu takriban dakika 16 tu baada ya kuzama mahala palipo kwenye longitudo ya Dar es Salaam, na katika dakika 16 mwezi hujitenga na jua kwa kiasi cha moja ya nane ya digrii. Faida ya nyanda za juu si umri wa mwezi, ni usafi wa hewa. Pwani kuna mvuke wa bahari. Mbulu, pale ardhi inapoteremka kuelekea bonde la Yaeda, baada ya mvua kuna siku unayaona mambo ya mbali kana kwamba yako mkononi. Lakini faida hiyo nayo ina mwisho wake, kwa sababu katika miaka hii Ramadhani imekuwa ikiingia wakati wa mvua, na wingu la Hanang halina mchezo. Mlima huohuo ndio uliotelemsha matope asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 yakawaua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani, Mwenyezi Mungu awape subira jamaa zao. Hatumshauri mtu yeyote kuukwea wakati wa mvua kwa ajili ya picha.

*Kamera iliyoona kupita kiasi*

Sasa tuingie katika uzito wa jambo lenyewe. Tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa mmoja aitwaye Thierry Legault aliupiga picha mwezi akiwa karibu na Paris, mchana, jua likiwaka, katika dakika ileile ambayo mwezi ulizaliwa, yaani ulipokuwa umelipita jua kwa karibu kuliko wakati wote wa mwezi ule. Kwetu ilikuwa saa 4:14 asubuhi. Umri wa mwezi ulikuwa sifuri. Mwezi wenyewe, kwa nasibu, ulikuwa wa Ramadhani ya mwaka 1434. Picha ile ipo, na wataalamu wameikubali. Lakini Saudi Arabia hawakufunga kesho yake tarehe 9. Walikamilisha Shaabani na wakafunga Jumatano tarehe 10, kwa kuwa jioni ile ya tarehe 8 mwezi haukuonekana kwao.

Je, walikosea? Kwa jicho la binadamu, rekodi inayotajwa ya hilali changa kuliko zote ni ya umri wa takriban saa 15 na nusu, aliyoiona Mmarekani Stephen O'Meara mwaka 1990. Kwa darubini kubwa, Mohsen Mirsaeed wa Iran aliiona ya saa 11 na dakika 40 hivi mnamo Septemba 2002. Chini ya hapo ni kamera peke yake, tena ya kutumia miale ambayo jicho haliioni na kompyuta ya kuutenganisha mwezi na mwanga wa anga. Mtume (S.A.W.) alituamuru kufunga kwa kuuona na kufungua kwa kuuona, na tukifunikiwa tukamilishe siku 30. Aliowaambia walikuwa na macho. Sisi tunaelemea upande wa wanaosema kwamba kinachoonwa na chombo tu, ambacho hakuna mwana wa Adamu angeweza kukiona hata angekuwa wapi, ni elimu yenye manufaa lakini si mwandamo. Wapo wanazuoni wasioafiki, na katika baadhi ya nchi, kama Falme za Kiarabu, waangalizi huupiga mwezi mchana kwa kamera na kutangaza picha zake. Nao wa Indonesia na Malaysia tangu mwaka 2022 wamekuwa wakitumia kipimo cha hesabu: mwezi uwe juu kwa digrii 3 na umbali wake na jua uwe digrii 6.4. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Tofauti ya kuzaliwa na kuandama Watanzania tuliwahi kuonyeshwa waziwazi. Tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita mchana, maelfu ya watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kulishuhudia jua likipatwa kwa umbo la pete. Kilicholifunika jua hakikuwa kingine ila mwezi wenyewe unaozaliwa, ule wa Dhulhija ya mwaka 1437. Kila aliyekuwa pale alikiona kivuli cha mwezi saa sita mchana. Lakini jioni yake, saa sita na nusu tu baadaye, hapakuwa na hilali ya kuonekana Rujewa, Mbulu wala Makka. Wale wanaosema hesabu za falaki ni ubashiri tu wakumbuke kwamba dakika ya tukio lile ilijulikana miaka mingi kabla. Na wale wanaosema mwezi ukizaliwa tu umeandama, wakumbuke jioni ile.

*Simu inayochora*

Liko jambo jingine lililozuka karibuni ambalo linatutia wasiwasi zaidi. Mwaka 2023 ilibainika hadharani kwamba baadhi ya simu za kisasa, zinapoelekezwa kwenye mwezi, huongeza zenyewe alama za mashimo na nyanda ambazo lenzi haikuziona. Mtu mmoja aliifanya picha ya mwezi iwe na ukungu mpaka isionyeshe chochote, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, akaipiga kwa simu kutoka mbali, na simu ikamrudishia mwezi uliokamilika. Simu ilikuwa imefundishwa jinsi mwezi unavyokuwa, basi ikauchora.

Fikiria sasa simu hiyo mikononi mwa kijana mwema wa Mbulu jioni ya tarehe 29. Ongeza juu yake picha zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Tumewahi kuletewa picha ya hilali nzuri mno, imesimama wima juu ya mitende, ikisemwa imepigwa jioni ileile mkoani kwetu, nasi tukatazama saa tukaona jua bado halijazama Manyara. Umbo lake peke yake lilitosha kutuambia kwamba ni ya nchi za kaskazini.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Picha peke yake haisimami mahala pa shahidi mwadilifu aliyeuona mwezi kwa macho yake, kwa sababu picha haiapi wala haiogopi Siku ya Kiyama. Lakini shahidi anayesema ameuona, na jirani yake ana kamera juu ya stendi, na kamera ile ina picha tano au sita zilizofuatana zenye saa na mahala, huyo anapimika. Kadhi anaweza kuuliza ulikuwa juu ya mti gani, pembe zilielekea wapi, ulisogea vipi. Picha zikimkubali, moyo hutulia. Zikimkataa, kama zilivyotukataa sisi, basi zimewaokoa watu wengi kwa dakika nane za kungoja. Picha ziwe zile ghafi zilivyotoka kwenye kamera, si zile zilizopitishwa katika programu za kuremba.

Kazi hii haifanywi mara moja kwa mwaka. Aliyeupiga mwezi wa Muharram, Safar na Rajab, ambayo hakuna anayeigombania, ndiye atakayejua Ramadhani mahala gani pa kutazama. Katika miezi hiyo ya kujifunza anaweza pia kuigeukia Mushtari. Lenzi ya milimita 200 juu ya stendi, ikifunguliwa kwa nusu sekunde na ISO 800, huonyesha vimwezi vyake vinne vimejipanga kama punje. Kesho yake vimebadilisha nafasi. Pete za Zohali zinahitaji darubini halisi, na waliobobea hawapigi picha moja, hupiga video ya maelfu ya vipande, wakachagua vilivyo vikali na kuvilaza pamoja, kwani hewa huchezacheza. Nabii Ibrahim (A.S.), katika Suratul An'am, aliitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kilipotua alikiacha. Mpiga picha naye hukiona kila kimoja kikitua.

Lakini tunakiri udhaifu wetu. Usiku wa Ijumaa ya tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa wote kwa dakika 103, mwekundu kama kaa la moto, na Mirihi kando yake iking'aa kwa namna isiyotokea kila mwaka. Tulishughulika na kamera mpaka swala ya kupatwa kwa mwezi ikasaliwa msikitini nyuma yetu, tukaikuta rakaa ya mwisho. Picha zilitoka vizuri. Hatujapata kumwonyesha mtu bila ya kukumbuka hilo.

Tarehe 2 Agosti 2027, Inshaallah, mwezi unaotangulia Rabiul Awwal ya mwaka 1449 utalifunika jua kikamilifu juu ya Makka kwa dakika kadhaa za mchana. Mbulu na Hanang watu wataona sehemu tu ya jua ikimegwa, alasiri ikikaribia. Pasiwe na mtu atakayeliangalia kwa macho matupu, wala kwa darubini, wala kuielekezea kamera isiyokuwa na kichujio maalumu cha jua, kwa kuwa jicho lililoungua halirudi. Asiyekuwa na kichujio atoboe tundu dogo katika kipande cha boksi, alipe jua mgongo, na aweke karatasi nyeupe chini ya kivuli chake. Litaanguka pale jua dogo lililomegwa, nalo anaweza kulipiga picha kwa simu yoyote aliyonayo. Swala ya Kupatwa kwa Jua ni rakaa mbili, kila rakaa ina rukuu mbili, na wakati wake ni tangu jua linapoanza kumegwa mpaka linapoachiliwa.